Bei ya Mteja wa Kwanza

Iko asubuhi moja ya Iringa ambayo mpaka leo haijanitoka kichwani, mwanangu. Baridi ilikuwa ile ya mwezi wa saba, ya kuongea huku meno yanagongana, na dada yangu Sekela alikuwa amesimama katikati ya duka lake na noti mkononi. Ndiyo kwanza alikuwa amewauzia Wazungu wawili vikapu. Akaichukua ile hela, akaipitisha juu ya vikapu vilivyobaki, kimoja baada ya kingine, taratibu, kama anampaka mtoto mafuta. Kisha akaigusisha kwenye paji la uso, akaniambia, "Mdogo wangu, tumefungua. Leo siku njema." Nikapiga vigelegele. Jamani, nilipiga vigelegele mpaka fundi viatu wa nje akachungulia kuuliza nani kaolewa.

Sekela huyo ndiye mama yako, Neema. Usinitolee macho. Najua hukuwahi kusikia kwamba mama yako alikuwa na duka. Aliapa hatalitaja, na mimi nilimheshimu alipokuwa hai, nikamheshimu hata baada ya kumzika. Lakini jana ulipofika hapa kwangu Soweto, Mbeya, kabla hata hujavua viatu, ukanionyesha simu, ukaanza kunihadithia habari za fremu yako mpya ya duka kule Iringa, jinsi magari ya watalii yanavyosimama alfajiri yakielekea hifadhini, na jinsi ulivyouza siku ya kwanza tu. Ukacheka, ukasema, "Mama mdogo, niliwapa bei ya kufungulia!" Chai ilinipalia. Ulidhani ni tangawizi. Haikuwa tangawizi, mwanangu. Lilikuwa neno hilo.

Basi weka simu kifudifudi hapo mezani, unisikilize. Na usinikatize, maana nikikatizwa nakasirika, na nikikasirika nasahau nilipofika.

Mama yako aliolewa mara ya kwanza na mwanamume mmoja mpole wa Mbalizi, fundi wa kushona. Hawakujaliwa mtoto. Yule bwana akaugua, akafa, na mama yako akabaki mjane angali kijana, bado ngozi inang'aa. Matanga yalipokwisha, ukoo ukakaa kikao. Unajua vikao hivyo vinavyokuwa: wazee wanakohoa, wanaangalia chini, wanazunguka na maneno, lakini kila mtu anajua wanakoelekea. Walitaka arithiwe na mdogo wa marehemu, Ambakisye, ambaye tayari alikuwa na mke na mashine ya kusaga. Ndiyo, baba yako. Tulia.

Mama yako akapiga magoti mbele ya wazee, kwa adabu zote za Kinyakyusa, macho chini, mikono pamoja. Akasema, "Ndaga fijo, asanteni sana, wazee wangu. Nimesikia. Naomba mnipe nafasi nijaribu maisha yangu mwenyewe. Nikiweza, mniache. Nikishindwa, nitarudi kwa miguu yangu, hamtanitafuta."

Mimi nilikuwa nyuma yake. Nikasema moyoni, huyu kajifunga. Wazee wakatazamana, wakakubali. Kwa hiyo elewa vizuri, mwanangu: lile halikuwa duka la kujaribu bahati. Lile duka lilikuwa ndio mwili wake mwenyewe. Likisimama, yeye ni mtu huru. Likianguka, amejihukumu kwa mdomo wake.

Akauza cherehani moja kati ya mbili za marehemu, akauza na ng'ombe aliyepewa na baba yetu, tukapanda basi mimi na yeye kwenda Iringa. Kwa nini Iringa? Kwa sababu alikuwa amesikia kwamba watalii wanapitia pale kwenda kuona tembo, na kwamba wanapenda vikapu. Na ni kweli wanavipenda. Wewe mwenyewe unaviuza: vile vya nyasi za milulu, vinavyosukwa na akina mama wa vijijini, vimekaza mpaka ukimimina maji unaona yanasitasita kutoka.

Tukapata fremu kando ya barabara inayotoka mjini. Mwenye nyumba alikuwa Mzee Kikoti, Mhehe mmoja mrefu, mkavu, aliyewahi kufanya biashara ya vitenge na vifaa vya ujenzi kabla magoti hayajamkataa. Mtu wa maneno machache. Ukimwamkia, "Kamwene," anakujibu, "Kamwene," na kimya kinafuata mpaka unajiuliza umemkosea nini. Kodi alitaka ya miezi sita kwa mkupuo. Tukalipa. Leseni, tukalipa. Mlinzi wa usiku wa ile safu ya maduka, tukalipa. Rafu za mbao, tukalipa. Hela ilikuwa inatoka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka, lakini mama yako alikuwa anaimba. Sijawahi kumsikia akiimba vile kabla, wala baada.

Sasa nikueleze habari ya bei ya kufungulia, maana hapo ndipo penye shida yenyewe.

Mama yetu, bibi yako, alikuwa akiuza ndizi soko la Mbalizi. Sisi tulikulia chini ya meza yake. Na kila asubuhi mteja wa kwanza alikuwa mfalme. Akisema ghali, mama anashusha. Akisema bado ghali, mama anashusha tena, anamwambia, "Haya, chukua, unifungue mkono." Kwa mama, mteja wa kwanza akiondoka mikono mitupu, siku yote imeingia nuksi. Na ile hela ya kwanza lazima ipitishwe juu ya ndizi, ivute wenzake. Tulifundishwa hivyo, na wewe umefundishwa hivyo, tena na mimi mwenyewe, pale ulipokuwa unaniuzia maparachichi ukiwa likizo. Soko zima hufanya hivyo.

Lakini fikiria. Sokoni Mbalizi, yule wa kwanza akishaondoka, nyuma yake wanakuja watu wengi kama siafu mpaka jioni, na wote hao wanalipa bei yenyewe. Ile ya kufungulia inakuwa zawadi kwa mtu mmoja. Haimuumizi mtu.

Iringa haikuwa hivyo. Magari ya watalii yanatoka hotelini mapema, yanataka kufika getini kabla jua halijawaka. Yakisimama kwetu, yanasimama saa ambayo sisi ndiyo kwanza tunaning'iniza vikapu mlangoni. Kila gari lilikuwa la kwanza. Kila siku! Jumatatu wa kwanza, Jumanne wa kwanza, Jumapili mpaka kengele za kanisani zinagongwa sisi tunawafungulia. Na wakishapita, barabara inabaki na vumbi lake. Mteja wetu wa kwanza alikuwa huyo huyo wa mwisho. Mama yako aliuza msimu mzima kwa bei ya kufungulia, mwanangu, na wala hakujua.

Kulikuwa na dereva mmoja, Chaula. Kijana mcheshi, kofia upande, meno meupe. Sikwambii alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wake wanasubiri ada kama watoto wote. Lakini alikuwa ametujua. Anashuka garini kabla ya wageni wake, anakuja mpaka mlangoni, anasema kwa sauti ya chini, "Dada Sekela, nimekuletea wa kwanza. Wafungulie vizuri, kesho nikuletee wengine." Mama yako anayeyuka kabisa. Kikapu cha shilingi elfu sita anakitoa kwa elfu nne. Wageni wakishaingia garini, Chaula anarudi, anajifanya amesahau kofia, na mama yako anampa mia tano kwa kila kikapu. Ndiyo desturi ya madereva. Usipompa, kesho anasimama duka la pili.

Nilipojaribu kunong'ona, "Dada, si tungewaambia hata elfu tano?" alinifinya mkono. "Wewe! Unataka kutia nuksi siku nzima?"

Na hela ilikuwepo, hilo ndilo lililotupofusha. Kila asubuhi tulishika noti. Alfajiri tunauza, kabla ya saa sita tunafunga, mama yako anakimbia vijijini kufuata mzigo mpya, mimi nabaki kufua na kupika. Akina mama wa kule anawalipa palepale, elfu tatu kwa kikapu, hakuwahi kumkopa hata mmoja, na akienda anawabebea sukari. Tulikula vizuri. Tulinunua blanketi jipya. Siku moja cherehani ya pili haipo. Nikamuuliza. Akasema ameiuza ili tuongeze mzigo, msimu umechanganya. Kisha zikapungua khanga zake zile nzuri za harusini. Nikafunga mdomo. Nilidhani biashara inakua, inataka kulishwa, kama mtoto. Kumbe ilikuwa inamla.

Mzee Kikoti alikuja asubuhi moja Chaula akiwa ndiyo kwanza ameondoka. Alikuja kutuarifu kwamba miezi sita ikiisha kodi itapanda. Mama yako akamkaribisha kiti, akaanza kumsifia msimu ulivyo mzuri, wageni wanavyosimama, leo peke yake ameuza vikapu kumi! Alisema kwa furaha, kama mtoto anayeonyesha alama zake za shule. Yule mzee akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Umeuza kwa bei gani?"

"Ya kufungulia, mzee. Elfu nne."

"Na jana?"

"Ya kufungulia."

"Na wiki iliyopita?"

Mama yako akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyejua anachekea nini.

Mzee Kikoti akainuka. Akateremsha vikapu kumi kutoka rafuni, akavipanga sakafuni mstari mmoja. Tukadhani anataka kununua! Akaanza kuuliza, mama yako anajibu: wasukaji unawalipa ngapi, gari la mzigo linakula ngapi. Kila jibu likija, anasukuma vikapu kwa ncha ya fimbo yake kuelekea mlangoni. Vikaenda vinane. "Hivi ni vya wasukaji na gari." Akauliza habari ya dereva. Akasukuma kimoja, kisha akainama kwa tabu, akakunja ukingo wa kile cha mwisho, akasema, "Na kipande hiki ni cha Chaula pia." Kikabaki kikapu kimoja, kimekunjwa pembeni, kimekaa peke yake katikati ya sakafu.

"Kodi yangu imo humu," akasema. "Na mlinzi humu. Leseni, umeme, ushuru, humu humu. Na chumba mnacholala, na ugali mnaokula." Akamtazama mama yako. "Na wewe mwenyewe, mama? Wewe uko wapi humu?"

Mama yako akakitazama kile kikapu. Mimi nilitamani yule mzee aondoke, nilimchukia, nilitamani magoti yake yakatae hapo hapo tumburuze nje. Mtu anakukuta unaimba, anakupangia vikapu sakafuni!

"Mimi niliuza vitenge miaka mingi," akasema, sasa kwa upole kidogo. "Kuuza si kazi. Hata mwizi anauza. Kaa chini leo, ujue kikapu chako kinataka kuuzwa ngapi ili wewe uwepo. Hiyo ndiyo bei yako. Asubuhi, mchana, wa kwanza, wa mwisho. Anayekuja na nuksi aje nayo."

Usiku ule mama yako hakula. Wala hakulia mbele yangu. Kesho yake Chaula akaja na watu wanne, akasema maneno yake yale yale, nifungulie dada. Mama yako akapiga moyo konde. Akataja elfu sita. Chaula akacheka akidhani utani. Akarudia, elfu sita. Midomo ilikuwa inamtetemeka, nilimwona. Wale wageni wakaangaliana, wakaviweka vikapu chini vizuri tu, wakasema ahsante, wakatoka. Chaula akabaki mlangoni, meno yale meupe hayaonekani tena. "Dada, umeniaibisha mbele ya wageni wangu. Haya. Kila la heri." Hakusimama tena kwetu, na wenzake wakaambiana.

Siku ile tulikaa na duka wazi. Hakuna hela ya kupitisha juu ya vikapu. Mama yako akawa anatazama mlango, mimi namtazama yeye. Saa sita ikafika, na kwa kuwa hakukuwa na hela ya kufuatia mzigo kijijini, hatukufunga. Hiyo ndiyo sababu pekee, mwanangu: hatukuwa na pa kwenda.

Mchana huo akaingia mwanamke mmoja, mwalimu wa sekondari ya pale mjini, ametoka kazini, chaki bado kwenye vidole. Akasema amekuwa akipita hapa kila siku na kila siku anakuta kufuli. Dada mmoja wa kwaya yao anafanyiwa sendofu, anaagwa kwao kabla ya harusi, wanataka vikapu vya kuwekea zawadi. Akauliza bei. Mama yako akasema elfu sita, taratibu, akiwa ameinamisha kichwa kama anayesubiri kofi. Mwalimu akavipapasa, akavigeuza, akasema, "Vizuri. Nipe vitano." Akalipa. Pale mlangoni akageuka, akasema, "Mwezi wa saba mwakani mdogo wangu anaolewa. Nitarudi kwako, nitataka vingi."

Alipotoka tukapiga hesabu pale pale. Kikapu kimoja tu cha yule mwalimu kilituachia karibu sawa na kile tulichokuwa tunabaki nacho kwa vikapu kumi vya alfajiri. Kimoja! Mama yako akakaa chini sakafuni, pale pale Mzee Kikoti alipopanga mstari wake, akajifunika uso na khanga. Akasema, "Kumbe kuna watu wa mchana." Akarudia tena na tena, mpaka nikaogopa. "Kumbe walikuwepo. Kumbe walikuwa wanakuta kufuli."

Ungependa nikwambie kwamba hapo ndipo mambo yakanyooka. Na mimi ningependa. Lakini tulikuwa tumeshakula mtaji, mwanangu, tumeubakiza mifupa. Rafu zilikuwa na vikapu vichache, vile vilivyopinda. Cherehani hakuna, ng'ombe hakuna, khanga hakuna. Mvua zikaanza, na mvua zikianza magari ya watalii hayaji, na akina mama wa vijijini wanaingia shambani. Watu wa mchana walikuja mmoja mmoja, wakilipa bei yenyewe, lakini tulikuwa hatuna cha kuwauzia. Hicho ndicho kilichoniuma kuliko vyote. Mtu amesimama mlangoni na hela mkononi, na wewe unamwonyesha rafu tupu.

Miezi sita ikaisha. Mama yako akaenda kwa Mzee Kikoti, akamwomba mwezi mmoja tu. Yule mzee akamwambia, na nilimwona macho yake yamelegea, hakufurahia: "Mama, ukweli nilikupa bure. Chumba siwezi kukupa bure, na mimi ndicho ninachokula." Wiki iliyofuata pale pakawa saluni.

Nikamwambia dada, tukae Iringa, tuuze hata maandazi. Nikamwambia twende Madibira tukavune mpunga wa watu. Akasema, "Nilisema nitarudi kwa miguu yangu." Tukapanda basi. Njia nzima kutoka Iringa, Makambako, mpaka Mbeya inaonekana, alikuwa amepakata kile kikapu kilichokunjwa ukingo, ambacho hakikupata mnunuzi. Mbalizi tukashuka stendi, akatembea mpaka kwa Ambakisye. Baba yako alikuwa kwenye mashine yake, mweupe kwa unga. Hakumsimanga, lazima niseme haki yake. Alisema tu, "Karibu nyumbani," akarudi kusaga. Ningeona afadhali angemsimanga.

Sasa usinielewe vibaya, Neema, naona machozi hayo. Wewe ulipozaliwa ndipo nilipomwona akicheka tena. Alikupenda mpaka watu wakawa wanamtania. Lakini kuna chumba ndani yake kilifungwa, na hakuna aliyeingia tena. Ulikuwa unashangaa kwa nini mama yako alikuwa anagawa maparachichi. Mti unazaa mpaka matawi yanavunjika, watu wanakuja na hela, na yeye anasema, "Chukueni tu, chukueni." Mkadhani ni ukarimu. Alikuwa mkarimu, ndiyo. Lakini pia hakuthubutu tena kutaja bei.

Na yale majuma ya mwisho, akiwa amelala hospitali, wewe ulitoka kwenda kununua maji. Akanishika mkono. Nilidhani anataka kunipa wosia juu yako. Akaniuliza, kwa sauti ndogo, "Mdogo wangu, yule mwalimu. Alisema atarudi mwezi wa saba. Unadhani alikuja?"

Nikasema, "Pengine, dada." Akafumba macho, akasema, "Alikuta kufuli."

Hiyo ndiyo habari ya mama yako na duka lake. Futa machozi, nikwambie ninachotaka ufanye, kisha ule, chakula kinapoa.

Ukirudi Iringa, kabla hujafungua ule mlango, kaa chini na kikapu kimoja mbele yako. Mtoe msukaji. Toa gari la mzigo. Toa kodi, ushuru, leseni, mlinzi, umeme, makato ya simu kila ukituma na kupokea, mashine ya risiti, mfuko unaomfungia mteja. Umtoe na dereva, maana dereva utampa tu, lakini mpange wewe, asikupange yeye, na fungu lake liwe ndani ya bei, lisitoke kwenye sahani yako. Weka na akiba ya miezi ya mvua, maana mvua haitauliza kama uko tayari. Halafu ujiweke wewe. Usijiweke mwisho, kwenye makombo. Jilipe kama ungemlipa mtu baki anayesimama pale kutwa. Itakayotoka hapo ndiyo bei yako, na usiione aibu. Ukiona kwa bei hiyo hakuna anayenunua kabisa, funga mapema, uje hapa na mtaji wako mkononi, na mimi nitakupokea kwa shangwe. Kufunga ukiwa na mtaji si kushindwa. Mama yako hakupata hata hiyo nafasi.

Na saa sita ikifika, usifunge. Wazungu ni wageni wa njia, wanapita. Wanaoishi pale ni walimu, wauguzi, wanakwaya, mabibi harusi. Wajue majina. Waulize wanataka nini. Wakikuambia watarudi, hakikisha watakukuta.

Ile hela ya kwanza, kama moyo unataka, ipitishe juu ya vikapu. Sikukatazi, bibi yako angenifufukia. Ila iwe hela kamili.

Kile kikapu kilichokunjwa ukingo kiko juu ya kabati langu. Ndicho ninachowekea mayai. Kichukue, kikae dukani kwako, usikiuze.

Sogea nikuwekee mkono kichwani. Mungu wa mama yako akuangalie, mwanangu. Akupe afya ya kusimama mpaka jioni, na ulimi usiotetemeka ukiulizwa bei. Akikunyima mteja wa kwanza, usilie. Akupe mteja wa pili, na akija, akukute mlango uko wazi.